Sura ya Tisa: Fomu Zilizolowa

Gari la rumande lilikuwa lifike saa nane mchana. Inspekta aliingia katika ofisi ya kampuni ya kura za maoni saa tatu kasoro dakika kumi, na jambo la kwanza alilofanya ni kukataa chai.

"Sina muda, Meneja. Nataka fomu."

"Ripoti si nimewatumia?" Meneja alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi, shati limepigwa pasi mpaka mikono imesimama yenyewe. "Kurasa kumi na mbili, na michoro ya rangi. Kila kitu kimo."

"Nimeisoma. Sasa nataka karatasi zenyewe, zile ambazo mtu wako alizijaza mlangoni mwa watu."

"Zote?"

"Za mtaa ule, zote."

Meneja alimgeukia Sajenti aliyeandamana na Inspekta, labda akitumaini mwanamume mwenzake angemwokoa. Sajenti alikuwa akisoma kalenda ya ukutani kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha kazini.

Kisa chenyewe hakikuwa kirefu. Siku tano kabla ya uchaguzi wa diwani, kampuni hii ilitangaza gazetini kwamba katika mtaa ule Diwani aliyekuwa madarakani angepata asilimia sitini na nne. Sanduku lilipofunguliwa, Diwani alikuwa na kura mia mbili tisini na tano. Mpinzani wake, Mkunga wa zahanati, alikuwa na mia nne kumi na mbili. Watu wa Diwani hawakujikuna kichwa hata dakika moja. Kura zimeibwa, wakasema, na mwizi wakamwona palepale: msimamizi wa kituo cha kura, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi.

Na Mwalimu naye, maskini, alikuwa amewarahisishia. Kwa uchovu wa siku nzima aliandika, kwenye fomu ya matokeo, namba ya Mkunga kwenye mstari wa Diwani, na ya Diwani kwenye mstari wa Mkunga. Alipogundua alikata kwa mstari mmoja, akaandika upya na kuweka sahihi pembeni, kama anavyowafundisha wanafunzi wake kila siku. Lakini wakala wa Diwani, alipoona tu mia nne kumi na mbili mbele ya jina la bosi wake, alikuwa ameshachomoka mbio kupeleka habari njema. Aliporudi na ngoma, namba zilikuwa zimebadilishana nafasi. Makarani wawili waliohesabu walikuwa walimu wa shule hiyohiyo, kwa hiyo ushahidi wao ukaitwa wa kindugu. Masanduku yalifungwa kwa kufuli la mahakama, na kesi ya uchaguzi ikapangwa baada ya miezi miwili.

Miezi hiyo miwili Mwalimu angeikaa rumande, mji mwingine, safari ya saa sita kwa basi. Alikuwa na mtoto wa miezi minne anayenyonya. Juu ya jalada lake Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa ameandika kwa wino wa kijani, wino ambao kituoni kote yeye peke yake ndiye anayeutumia: *Apelekwe saa nane. Bila kukosa.*

Inspekta aliliweka jalada hilo chini ya kwapa na kusubiri. Kituoni walimwita Rudia, kwa sababu hakuna shahidi aliyewahi kutoka mbele yake bila kuambiwa neno hilo walau mara tatu. Yeye mwenyewe alijua jina hilo na hakulichukia.

Dada wa fomu aliingia na boksi, akairuka ndoo ya miavuli iliyokaa njiani karibu na mlango, akaliweka boksi mezani. Alikuwa binti mwembamba mwenye viatu vilivyochoka kuliko yeye mwenyewe.

"Wewe ndiye uliyeuliza mtaa ule?"

"Ndiyo, Afande. Peke yangu. Siku nane, watu thelathini kila siku."

"Ulichaguaje wa kumuuliza?"

"Unaanzia nyumba ya kona. Unahesabu nne, unagonga ya tano. Ukitoka hapo unahesabu tena."

"Rudia."

"Nyumba ya kona, unahesabu nne, unagonga ya tano."

"Wenyewe wakiwa hawapo?"

"Narudi jioni. Nisipowapata tena, naenda ya jirani."

Meneja aliinua kidole. "Huo ndio utaratibu unaokubalika popote duniani. Miaka kumi na moja nafanya kazi hii, sijawahi kukosea zaidi ya asilimia tatu."

"Kwa hiyo Mwalimu ameiba?"

"Mimi sijasema ameiba. Mimi nasema namba zangu hazidanganyi. Mengine jazeni wenyewe."

Inspekta hakumpenda mtu huyo, na alijionya palepale kwamba kutompenda si ushahidi. Aliketi, akavua saa ya mkononi na kuiweka mezani mahali ambapo kila mtu angeiona.

Alikuwa amekuja na dhana moja na alitaka kuipima kwanza. Kazi ya kugonga milango inachosha, na aliwahi kukamata wakusanyaji wa takwimu waliojaza fomu mia mbili kwa asubuhi moja, wamekaa kivulini, wakibadilisha kalamu ili zionekane tofauti. Fomu za namna hiyo zina alama zake. Majibu yanakuja kwa zamu, kama mtu anayegawa karata, na wazee wote wana miaka sitini kamili. Hizi hazikuwa hivyo. Kulikuwa na mzee wa miaka sitini na saba, mwingine wa sabini na mbili, na mama mmoja aliyekataa kutaja umri wake na badala yake dada akaandika *amekataa, amekasirika*.

Alifumba macho, akachomoa tatu. "Sajenti, piga hizi namba. Uliza swali moja tu: je, ulihojiwa?"

Wa kwanza alikuwa fundi wa baiskeli. Alihojiwa. Wa pili alihojiwa, akataka kujua kama kuna zawadi. Wa tatu alikuwa seremala, na sauti yake ilisikika mpaka mwisho wa meza.

"Nilihojiwa, ndiyo. Nikamwambia Diwani."

"Na ulimpigia Diwani kweli?" Sajenti aliuliza kabla hajazuiwa.

Seremala akasema taratibu, "Kwani we' nani?" na simu ikakatwa.

"Nilisema swali moja," Inspekta alisema.

"Samahani, Afande. Ulimi umeniteleza."

Saa ya mezani ilionyesha saa nne na nusu. Dhana ya kwanza ilikuwa imekufa, na kufa kwake hakukumsaidia Mwalimu hata kidogo. Fomu zilikuwa halali, watu walikuwa watu kweli, na kati ya watu mia mbili arobaini, mia moja hamsini na wanne walimtaja Diwani. Kwa mara ya kwanza tangu apewe jalada lile Inspekta alijiuliza kama yule mwanamke aliyemwona mahabusu jana, akinyonyesha huku ameegemea ukuta, alikuwa ameziiba kura zile kweli.

Alilikusanya bunda la fomu, akaligonga mezani ili lijipange alirudishe kwenye boksi. Bunda halikutaka kukaa. Alilikandamiza kwa kiganja, likainuka tena.

"Kwa nini hizi za juu ni nene?"

"Ni karatasi zilezile," Meneja alisema.

Inspekta alichukua fomu moja kutoka juu na moja kutoka chini, akaziweka sambamba kwenye mwanga wa dirisha. Ya chini ilikuwa imenyooka. Ya juu ilikuwa imejikunja pembe na kuumuka katikati, na wino wa mstari mmoja ulikuwa umetawanyika kidogo.

"Hii ililowa ikakauka."

"Siku tano za mwanzo mvua ilikuwa inanyesha kutwa," dada alisema. "Ya sita ikakata. Tulikuwa na miavuli, lakini mkono mmoja mwavuli, mkono mwingine ubao wa kuandikia. Ubao ulikuwa unabaki nje."

"Sajenti, kaa. Zilizoumuka kushoto, zilizonyooka kulia. Kila moja isome jibu, mimi naandika."

Ilichukua saa nzima kasoro robo. Meneja alikwenda na kurudi mara nne, mara ya mwisho akiwa na mkufunzi wake wa takwimu kwenye simu, ambaye hakuna aliyemsikiliza. Inspekta alichora mistari kwenye daftari, mitanomitano, na kadiri mistari ilivyoongezeka ndivyo alivyozidi kuandika polepole, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

Bunda la kushoto lilikuwa na fomu mia moja na hamsini. Diwani mia moja kumi na saba.

Bunda la kulia lilikuwa na fomu tisini. Diwani thelathini na saba.

"Rudia," alisema.

Sajenti alirudia kuhesabu. Namba hazikubadilika.

Inspekta alifanya hesabu pembeni ya ukurasa. Walioulizwa mvuani walimpa Diwani asilimia sabini na nane. Walioulizwa juani walimpa arobaini na moja. Kisha akaitafuta namba nyingine kwenye jalada, ile ya sandukuni, akaigawanya kwa mkono wake mwenyewe. Arobaini na moja na kitu.

"Meneja, siku za jua fomu zako na sanduku la Mwalimu vinasema kitu kimoja."

Meneja alilitazama daftari. Rangi ilimpotea kidogo usoni, lakini mdomo haukukubali kushindwa. "Bahati tu hiyo. Sampuli ndogo."

"Mvua inabadilishaje mawazo ya watu?"

"Labda... wakati wa mvua wanaokuwa nyumbani ni wengine. Wenye vibanda wanafunga, wanarudi nyumbani."

"Wenye vibanda wanampenda Diwani?" Sajenti aliuliza. "Aliwavunjia vibanda vyao mwaka jana."

Hilo lilikuwa kweli, na liliifunga dhana ya pili kabla haijafunguka vizuri. Inspekta alitia sahihi ya kuchukua boksi zima, akavaa saa yake. Saa tano na dakika hamsini. Alikuwa ameshika nusu ya kitu, na nusu haimtoi mtu mahabusu.

*

Nje ya lango la kituo umati ulikuwa umeongezeka. Walivaa fulana za Diwani za rangi ya machungwa, na walikuwa wakiimba kura zetu, kura zetu, wengine kwa hasira ya kweli na wengine kwa sababu wenzao wanaimba. Inspekta aliwahesabu alipokuwa akipita. Sitini na mmoja.

Ndani, kwenye benchi la ukutani, alikaa mama mkwe wa Mwalimu na mtoto mapajani. Alikuwa pale tangu Jumanne. Mara tatu kwa siku alimpeleka mtoto mahabusu kunyonya, kisha akarudi kwenye benchi, na askari wa kaunta alikwisha kuzoea kumwekea maji ya kunywa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wanampeleka?"

"Bado."

"Bado si jibu." Mama alimpandisha mtoto begani. "Mkwe wangu mimi namjua. Akila peremende ya mtoto wa mtu anaenda kuomba radhi kwa mama yake. Huyo ndiye aibe kura mia na ushee? Ataziweka wapi?"

Inspekta alitaka kucheka, akajizuia. "Mama, mnakaa mtaa uleule?"

"Miaka ishirini na sita. Ukitoka kona, nyumba ya tano."

Inspekta aliyekuwa ameshaanza kuondoka alisimama. "Nyumba ya ngapi?"

"Ya tano. Yenye geti la bluu."

"Alikuja binti na fomu, kabla ya uchaguzi?"

"Alikuja. Msichana mpole, kalowa miguu yote. Nikamkaribisha ndani akakataa, ati utaratibu. Tukasimama hapo mlangoni."

"Alikuuliza utamchagua nani."

"Nikamwambia Diwani."

Inspekta alikaa kwenye benchi. "Mama, sikuulizi ulimpigia nani. Usiniambie."

"Nani kakwambia nitakwambia?" Mama alimgeuza mtoto uso mbele, akamwonyesha. "Ila huyu, usiku alipozaliwa, aliyemtoa na kamba ya kitovu shingoni ni Mkunga. Hesabu mwenyewe."

"Sasa mbona ulimtaja Diwani?"

"We' mwanangu nawe! Mtu anakuja mlangoni kwako kajifunika Diwani gubigubi, halafu anakuuliza unampenda nani. Utamjibu nini?"

"Rudia."

"Utamjibu nini?"

"Hapo nyuma. Kajifunika nini?"

"Mwavuli!" Mama aliinua mkono wake juu ya kichwa cha mtoto, vidole vimetanda. "Mwavuli wa Diwani, wa machungwa, na Diwani mwenyewe hapo juu meno thelathini na mawili. Mimi nilijua katumwa na Diwani. Na majina wanaandika, na namba ya simu wanachukua. Mtoto ana kadi ya kliniki inayosubiri sahihi ofisini kwake. Nikasema Diwani, Diwani, Diwani, aende zake."

Ndoo. Inspekta aliiona tena mbele ya macho yake, pale mlangoni, na yule dada akiiruka na boksi mikononi. Yeye mwenyewe alipita kando yake mara mbili asubuhi ile, na aliambiwa wazi kwamba kulikuwa na miavuli. Hakuuliza ya nani. Aliona aibu ya kikazi ambayo hakuwahi kuiona kwa miaka mingi.

Lakini mama mkwe wa mtuhumiwa hawezi kuwa shahidi wa peke yake, hata angekuwa malaika.

"Sajenti! Rudi kule. Niletee yule dada, na ile ndoo ya miavuli kama ilivyo."

"Meneja akikataa?"

"Mwambie naweza kuja mwenyewe."

*

Dada aliketi kwenye kiti cha mashahidi saa saba na dakika tano. Sajenti alifungua mwavuli mmoja katikati ya chumba, na uso wa Diwani ukajaa nusu ya dari, ukitabasamu.

"Mliipata wapi hii?"

"Timu ya Diwani ilikuwa inagawa kampeni zilipoanza. Shemeji yake Meneja akatuletea kumi. Mvua ilipoanza Meneja akasema tuitumie."

"Hakuna aliyeona tatizo?"

Dada aliinama. "Mimi niliona, Afande. Siku ya pili tu. Mtu unamuuliza swali, anaangalia juu kwanza, ndiyo anajibu. Mzee mmoja hata mimi hakuniangalia. Aliujibu mwavuli. Alisema, tunakupenda sana, mheshimiwa, ila barabara."

Sajenti alikohoa ili asicheke.

"Ulimwambia Meneja?"

"Nilimwambia. Akasema mvua haina chama, fomu zisilowe."

"Na zikalowa."

"Zikalowa."

"Siku ya sita?"

"Jua likatoka, miavuli ikabaki ofisini. Watu wakaanza kunijibu mimi."

Dada aliandika maelezo yake kwa mkono ulionyooka, akasoma, akatia sahihi. Alipomaliza aliuliza kama atapoteza kazi. Inspekta hakutaka kumdanganya, akasema hajui. Dada akaitikia kwa kichwa, akafuta pua, akasema basi potelea mbali, yule mwalimu ana mtoto.

Saa saba na dakika ishirini na mbili.

*

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na simu ya mezani ilikuwa imelia mara tatu tangu asubuhi, mara zote sauti ileile ya Diwani. Alisikiliza mabunda mawili, namba, mwavuli na maelezo ya dada bila kumkatiza Inspekta hata mara moja. Alikuwa polisi mzuri zamani, na Inspekta alimkumbuka hivyo.

"Naelewa," alisema mwishowe. "Kura ya maoni ilikosewa. Lakini watu je? Wasikie hao. Watu wanasema ameiba."

"Hao ni sitini na mmoja, Mkuu. Waliopiga kura ni mia saba na saba."

"Askari wangu wenyewe wanajua ameiba. Njoo uone."

Alimwongoza hadi chumba cha zamu, ambako askari kumi na mmoja, Sajenti akiwa mmojawao, walikuwa wamekusanyika kusubiri kulisindikiza gari. Wote walisimama wima.

"Sikilizeni," Mkuu alisema kwa sauti ya gwaride. "Hapa kuna mtu anayeamini yule mwalimu hakuiba? Anyooshe mkono."

Sajenti aliitazama dari. Mkono mmoja uliinuka nyuma, ukafika shingoni, ukajikuna, ukashuka.

"Umeona?" Mkuu alisema.

"Naomba turudie, Mkuu."

Kicheko kilimtoka askari mmoja na kikamezwa haraka. Inspekta hakucheka. Alikuwa akisikia ngurumo ya injini barabarani na hakujua kama ni gari la rumande au la mtu mwingine. "Kwa karatasi. Dakika tano tu. Nikishindwa, nampakia mwenyewe garini."

Mkuu aliwatazama askari wake kumi na mmoja, akaona ushindi usio na gharama. "Haya."

Inspekta alichana karatasi tupu vipande vidogo. Kofia ya Sajenti ikawa sanduku. Kila mtu alikwenda nyuma ya kabati la majalada, akaandika, akakunja, akarudi. Wa kumi na moja alipotumbukiza yake, Mkuu alinyoosha kiganja.

"Nipe na mimi. Nisije nikaambiwa nimewaogopa."

Alikwenda nyuma ya kabati kama wengine. Alikawia zaidi kidogo kuliko wengine.

Inspekta alifungua vipande kimoja kimoja, akasoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Hakuiba. Hakuiba. Ameiba. Hakuiba." Askari walianza kutazamana kwa pembe ya macho. "Hakuiba. Ameiba."

Kipande cha saba kilikuwa cha wino wa kijani.

Mkono wake haukusimama. "Hakuiba," alisoma, akakilaza uso chini juu ya vingine, akaendelea hadi cha kumi na mbili. "Tisa wanasema hakuiba. Watatu wanasema ameiba."

Kisha, kabla mtu yeyote hajasogea, alivibeba vipande vyote kwa viganja viwili na kuvitumbukiza kwenye ndoo ya maji iliyokuwa kwenye kona, akavikoroga kwa rula. "Kura ni siri," alisema.

Nje honi ililia mara mbili langoni, ya gari zito.

"Huo si ushahidi," Mkuu alisema.

"Si ushahidi. Ushahidi ni yale mabunda mawili mezani kwako. Hii ni kukuonyesha tu kwamba ulipowauliza hawakuwa wakijibu swali. Walikuwa wakikujibu wewe."

Mkuu aliisogelea ndoo, akaangalia ndani. Wino wa bluu ulikuwa umetanda juu ya maji, na kati yake uzi mwembamba wa kijani ukizunguka taratibu. Aliutazama mpaka ukapotea.

"Umeziona zote?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimezisoma, Mkuu. Sikuziangalia."

Walirudi ofisini. Honi ililia tena. Simu ya mezani ikaanza kulia, ikalia mpaka ikachoka. Mkuu alitoa kwenye droo karatasi ya dhamana ya polisi, ile ambayo ingemruhusu Mwalimu kulala kwake mpaka masanduku yafunguliwe mbele ya hakimu, akaikalisha mbele yake, akabaki anaitazama. Inspekta aliona jasho juu ya mdomo wake. Alimhurumia, na kwa huruma hiyo akachomoa kalamu yake ya bluu na kumpa. Sahihi ya bluu inaweza kuwa ya afisa yeyote wa zamu.

Mkuu aliisukuma kalamu ile kando.

"Ya nini?" alisema. "Ninayo yangu."

Aliandika jina la Mwalimu kwa wino wa kijani, herufi kubwa, akatia sahihi. Kwenye nafasi ya saa aliandika saa nane. Akageuka kuangalia ukutani, akaona ni saa saba na dakika hamsini na tatu. Bila kufikiri alikata kwa mstari mmoja, akaandika saa sahihi juu yake, na kuweka sahihi ndogo pembeni.

Kalamu ilisimama hapohapo. Mkuu alilitazama kosa lake lililokatwa kwa mstari mmoja, na sahihi yake pembeni. Kisha alimtazama Inspekta, ambaye alikuwa akifunga vifungo vya boksi la fomu.

"Peleka," alisema Mkuu, akimsukumia karatasi. "Hao wa langoni nitawaambia mwenyewe."

Akavaa kofia yake, akatoka.